Sikio la Mtani

Chelston, Lusaka
12 Januari 1998

Kwa Chilufya Kasonde, mla nyani wa Mufulira,

Nimesikia mvua ya huko imeangusha miti. Poleni sana, najua chakula chenu kimekimbia pamoja na matawi. Mimi na binti yangu Tisiyenji hatujambo. Presha imetulia kwa vidonge, na kila asubuhi Tisiyenji ananisimamia kama askari jela mpaka nimeze.

Sasa kaa vizuri kitini, kama mnavyo viti. Orodha imefika. Yule rafiki yangu mkutubi wa ng'ambo amenitumia ya mwaka huu, kurasa tisa za majina: kila mtu aliyeitaja makala yangu katika maandishi yake. Mjapani yumo. Wabrazili wawili wamo. Kuna mtu wa Finlandi ambaye nina hakika hajawahi kumwona Mngoni wala Mbemba, naye anaandika "kama Jere alivyothibitisha". Baba yangu alikuwa na ng'ombe, mimi chuo kimenistaafisha bila hata ndama. Lakini kila anayenitaja ni ng'ombe wangu, na zizi sasa linakaribia elfu. Nionyeshe mwanasaikolojia wa jamii katika nchi hii mwenye zizi kama langu.

Na wote wamezaliwa na mama mmoja: zile wiki za mwaka 1974, wewe mwalimu kijana mwenye miguu ya korongo, ukinipeleka nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ya wachimbaji. Niliwauliza Wabemba wenzako swali moja tu la maana: ukiwa na jambo linalokuua moyoni, unamwambia nani? Mke hapana. Mchungaji hapana. Wakasema, mtani wangu Mngoni ndiye namwambia, naye akilicheka linapungua. Nikaliita Sikio la Mtani, na wataalamu wakaligombania kama maandazi ya moto.

Mwanafunzi wangu wa zamani, Daktari Inonge Liswaniso, anakuja kuirudia kazi hiyo, mitaa ileile, swali lilelile. Ni Mlozi, mpole, hasemi sana. Nimempa baraka zangu zote. Mpokee nyumbani kwako, ila usimlishe nyani.

Wako katika shida za kukujua,
Zebron Jere


Mufulira
3 Machi 1998

Kwa Zebron Jere, mla panya, mchunga ng'ombe wasio na mikia,

Ng'ombe gani hao hawatoi maziwa wala samadi? Umezeeka vibaya. Baba yako aliacha zizi linalonuka, wewe utaacha karatasi, na panya mtakaowakosa kuwala watazila hizo karatasi.

Inonge amekuja, amekaa kwangu, ameondoka juzi. Binti mzuri. Anakula kidogo, anasikiliza sana. Nilizunguka naye kama nilivyozunguka nawe, ila safari hii magoti yanalia. Nikwambie kitu cha kuchekesha. Unamkumbuka Kapembwa, yule mchimbaji mwenye jino la dhahabu, uliyemnukuu kwenye makala yako kwamba humwambia mtani wake kila kitu? Yuko hai. Inonge alimwuliza swali lako. Akamtuma mkewe dukani. Halafu akaanza kulia, mzee mzima, akamweleza habari za mwanawe wa kwanza aliyezama mtoni, jambo ambalo hakuna mtu mtaani aliyewahi kulisikia kinywani mwake. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, sikujua niangalie wapi.

Tulipokuwa tunatoka nikamwuliza, mbona Mngoni ulimwambia hayo yote unampa mtani? Akanijibu, "Mwalimu, Mngoni amekuja nyumbani kwangu, amekaa kwenye kigoda changu, ananiuliza nani namwambia siri zangu. Ulitaka nimjibu nini? Nilimwambia, ni wewe, mla panya, nani mwingine. Kumjibu kwa uso mkavu ingekuwa kumtukana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unakutania, na wewe ukaandika kila neno kwa kalamu nzuri. Wabemba tumekuweza.

Meza vidonge vyako. Bado sijachoka kukutukana.

Chilufya


Chelston, Lusaka
27 Aprili 1998

Mama Mulenga,

Inonge alikuja hapa nyumbani na matokeo yake. Alikaa sebuleni, akashindwa kufungua mkoba. Nikajua.

Watu wale wale, na watoto wao. Karibu hakuna aliyemtaja mtani. Wengi wamesema, simwambii mtu. Aliwauliza wazee mbona mwaka 1974 walisema vingine, na wote wamejibu kama Kapembwa wako: aliyeuliza alikuwa Mngoni. Kumbe ulichoniandikia kama kichekesho ndicho matokeo yenyewe.

Angekuja Mwingereza asingekosea hivi. Wala Mlozi, asiye na utani nao, na amethibitisha. Ni mtu wa nyumbani tu anayeweza kukosea namna hii. Nimezaliwa ndani ya utani huu, nimekula nao, nimezika watu nao, halafu nikakaa mbele ya Mbemba nikadhani nimemwuliza swali. Nilikuwa nimemwanzishia mchezo, naye akacheza kwa adabu.

Inonge atachapisha. Hana jinsi, na ningekuwa yeye ningechapisha. Jarida linataka jibu langu likae ukurasa unaofuata makala yake. Kila asubuhi naanza: "Ninamshukuru Daktari Liswaniso." Halafu basi.

Kinachoninyima usingizi si yeye. Nimeipitia upya ile orodha, na mara hii sikuhesabu, nilisoma. Kuna hospitali huko ng'ambo ambako wanafundisha wauguzi, kwa kunitaja mimi, kwamba mgonjwa anayetania maumivu yake amekwisha kuyatoa, basi wasimsumbue kwa maswali. Miaka kumi na miwili wanafundisha hivyo. Sasa nakaa nawafikiria watu waliotania mle wodini.

Nimeacha vidonge. Tangu Pasaka sijameza hata kimoja. Tisiyenji akinisimamia naviweka chini ya ulimi, akigeuka navitema kwenye kopo la maua dirishani. Maua yana presha nzuri sana siku hizi. Nyinyi mnaokula nyani anzeni kunoa majembe ya kaburi.

Nakuambia wewe, maana ndivyo nilivyoandika. Mtani huambiwa.

Zebron


Mufulira
18 Mei 1998

Kwa Zebron Jere, mla panya,

Tangu lini mimi kwako ni Mama Mulenga? Nilipoona hivyo nikadhani barua ni ya mchungaji, nikatafuta miwani ya Jumapili. Usinivalie suti, nakujua ukiwa na kaptula.

Umefanya vizuri kuacha vidonge. Hapa Mufulira tumechoka kungoja. Nimeshakutafutia gunia la kukuzikia, lile la mahindi, lina tundu upande wa kichwa ili panya waje kukuaga bila kupiga hodi. Na hilo kopo la maua tutakuletea kaburini, kama kweli maua yana afya kuliko wewe.

Ati mtaalamu mzima analia kwa kuwa Wabemba walimtania. Ulitegemea nini? Tulikutania kwa heshima zote. Mwache Inonge aandike. Si atakutaja? Basi huyo ni ng'ombe mwingine. Hata anayekutukana anahesabiwa, umeniambia mwenyewe mara ngapi. Ukipata watu mia wa kukusema vibaya utakuwa tajiri kuliko baba yako.

Hapa tuko hivyohivyo. Mgodi unauzwa, watu wanapunguzwa kazini, mwanangu Mulenga hajui kama mwezi ujao ana kazi. Vinkubala, viwavi wetu wa kukaanga, vimetoka vingi mwaka huu, ningekutumia debe lakini mtu anayetaka kufa hapewi kitoweo.

Chilufya


Chelston, Lusaka
11 Juni 1998

Chilufya,

Barua yako nilimsomea Tisiyenji. Tulicheka. Lile tundu la gunia lilimtoa machozi.

Kichwa kinagonga tangu asubuhi hadi nalala. Jicho la kushoto limeweka ukungu, nasoma kwa moja. Jibu la jarida bado ni sentensi ileile.

Njoo. Si lazima uje na gunia. Njoo tu ukae siku chache. Basi la asubuhi linafika kabla ya giza, Tisiyenji atakupokea stendi, atakupikia chibwabwa cha majani ya maboga na karanga. Ukishakaa mbele yangu nitajaribu kukuambia jambo bila mmoja wetu kucheka, tuone kama inawezekana.

Zebron


Mufulira
25 Juni 1998

Kwa mla panya mwenye jicho moja,

Karibu uniweze. Niliposoma ule mwisho nilikuwa nimeshatoa kitenge cha safari, nimekiweka kitandani. Halafu nikakumbuka ulivyonitega mwaka ule kwa barua ya kuniambia umelazwa, nikafunga safari na kuku mkononi, nikakukuta umekaa barazani unacheka na marafiki zako. Yule kuku mlimla nyinyi. Safari hii tafuta mjinga mwingine.

Bila kucheka, mimi na wewe? Tutaongea nini? Tutatazamana kama watu waliokuja kuposa.

Mimi nitakuja mara moja tu, siku ya kukuzika. Magoti yangu hayawezi safari mbili kwa ajili ya Mngoni mmoja. Kwa hiyo jipange, uchague siku isiyo ya soko.

Chilufya


Chelston, Lusaka
6 Julai 1998
(Kwa mkono wa kondakta wa basi la Mufulira)

Mama Kasonde,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, basi linaondoka.

Baba hatunaye. Jumamosi asubuhi alikuwa mezani na karatasi zake, nikasikia kiti kimeanguka. Kiharusi. Upande wote wa kushoto ulikuwa umelala na hakuweza kusema. Alifariki hospitali jana alfajiri.

Barua yako ilifika Ijumaa. Alinisomea yote mpaka siku ya soko. Akacheka, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nimeikuta humohumo.

Daktari aliniuliza kama alikuwa anameza dawa. Nimemwambia kila siku, mbele ya macho yangu.

Tunazika Jumatano. Baba zangu wadogo wamefika kutoka Chipata na wamesema wazi, jeneza halishuki mpaka watani waje wafanye kazi yao. Tafadhali uje. Alikuwa anasema wewe ndiye utakayemzika vizuri.

Binti yako,
Tisiyenji Jere


Mufulira
19 Julai 1998

Tisiyenji mwanangu,

Sikuweka jina la utani juu ya barua hii. Tafadhali uisome ukiwa peke yako, umekaa.

Uliniona pale makaburini. Unajua desturi: mtani anashuka kaburini kabla ya jeneza, analala humo, anadai alipwe ndipo atoke. Nilishuka. Nililala kwenye udongo, nikaona mbingu kwa juu na vichwa vyenu pande zote vinaningoja niseme la kuchekesha. Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye basi. Nilikuwa na maneno ya panya, ya ng'ombe, ya gunia. Yakapotea yote.

Nikasema lililokuwepo. Nikasema, mtu huyu nimemuua mimi. Aliniandikia kwamba ameacha dawa, nikamjibu vizuri, tumechoka kungoja. Akaniomba nije nikae naye, nikamwambia nitakuja siku ya kumzika. Mnizike mimi hapa, yeye mrudisheni nyumbani.

Wakacheka. Uliwasikia. Baba yako mdogo Gideon alicheka mpaka akaegemea koleo. Nikaanza kulia, wakaanza kunitupia sarafu. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kutupa, zikawa zinanipiga usoni, na mtu akasema, Mbemba huyu analia kuliko mjane. Hata mchungaji alifunika mdomo kwa Biblia. Nilikutazama wewe. Nawe ulikuwa unacheka, unafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Walinitoa kwa kunivuta mikono, wakanisifu. Nilikula nshima yenu, ugali wa msibani. Nikarudi na basi, na sarafu za msiba zimo kwenye mfuko wa koti hadi leo, siwezi kuzitoa.

Mwanangu, sikuwa natania. Barua zake ninazo zote. Ile ya Aprili aliniita Mama Mulenga. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja, na mimi nikamcheka kwa jina hilo. Alikuwa anagonga mlango, nikafikiri anapiga ngoma. Alijua kwamba makala yake ni ya uongo, kwamba hakuna Mbemba aliyewahi kumsikia Mngoni wala Mngoni kumsikia Mbemba, na bado akajaribu kwangu. Labda alitaka nimwonyeshe kuwa alikosea nusu tu. Ningepanda lile basi la asubuhi, angekuwa hakukosea.

Nimemweleza Inonge kwa barua. Yeye si mtani wa mtu hapa, nilijua hatacheka, na hakucheka. Lakini yeye si wa kunisaidia. Wewe ni damu yake. Sikuombi unisamehe. Nakuomba unisikie tu, halafu useme lolote utakalo, hata kama ni kunifukuza.

Chilufya Kasonde


Chelston, Lusaka
15 Januari 1999

Mama Kasonde,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi, nimekuwa kama Baba na jibu lake la jarida.

Orodha imekuja. Yule mkutubi hakuwa na habari kwamba amefariki, ameandika "kwa Profesa, heri ya mwaka mpya". Ng'ombe wamepita elfu. Makala ya dada Inonge imo, ng'ombe kama wengine. Jarida limeweka mstari chini yake kwamba Profesa Jere alifariki kabla ya kujibu. Dada Inonge anasema watu wengi wamemtaja kwa ajili ya msiba. Ile hospitali ya wauguzi nayo imo tena, wametoa kitabu kipya cha mafunzo. Wamemtaja Baba. Dada Inonge hawakumtaja.

Nimeisoma barua yako. Nimecheka.

Ngoja nikueleze, usikasirike. Baba hakuziba bahasha yoyote ya kwako kabla hajanisomea. Alikuwa anapenda sauti yake, unamjua. Ile ya Aprili alinisomea pale mezani, nimesimama na glasi ya maji na kidonge mkononi. Alipofika kwenye kopo la maua akanyanyua macho akanitazama. Muda mrefu kidogo. Mimi nikacheka. Nikasema, Baba, Mama Kasonde atakuua kwa majibu. Nikampa kidonge, akakiweka mdomoni, nikageuka kwenda jikoni.

Na ile ya kukuita uje alinisomea pia. Nilimwuliza jambo gani hilo la kusema bila kucheka. Akasema, la Wabemba, wewe huliwezi. Nikacheka tena.

Mwezi wa kumi nilitaka kubadilisha udongo wa maua. Nilimwaga kopo uani kwenye gazeti. Vilikuwa vimeshikamana na mizizi, vingine vimeyeyuka vikawa chokaa, vingine bado vizima na alama yake juu. Nilimwambia daktari kwamba alimeza mbele ya macho yangu. Sijarudi kumwambia vingine, na sitarudi.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba jambo moja. Usiniandikie tena kwamba hukuwa unatania. Wewe ulitania. Baba alitania, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na watu elfu wamekubali. Mimi nilicheka kwa sababu ilichekesha. Baba mdogo Gideon anasimulia mpaka leo kule Chipata ulivyolala kaburini ukasema umemuua, anasema tangu azaliwe hajaona mtani wa namna hiyo, watu wanamwomba arudie. Acha warudie. Kama wewe hukuwa unatania pale, basi mimi hapa mezani nilikuwa nacheka nini?

Njoo Pasaka. Nitakupikia chibwabwa na karanga kama alivyosema. Udongo wa maua nimeubadilisha, yamekataa kukua.

Ila kabla hujaja niandikie kwanza, mla nyani wewe. Nitukane vizuri. Nitaisoma kwa sauti.

Tisiyenji, mla panya